Dada wa Mercy Kipkirui

Tanbihi ya kumi na nne ilikuwa inaelekeza kwenye ukurasa ambao haupo tena. Oketch Omollo aliibofya mara ya tatu, akasubiri, akaona maandishi yale yale kwamba ukurasa haukupatikana. Akachukua kalamu, akaandika kwenye daftari lake: 14, gazeti la Januari 2008, tafuta nakala ya karatasi. Kisha akahamia ya kumi na tano.

Kompyuta ilikuwa mezani, juu ya kitambaa cha plastiki chenye maua. Upande wa pili wa meza mkewe, Njambi, alikuwa anamenya minji. Maganda yalipasuka moja baada ya jingine, na punje moja ikaruka ikatua kwenye vibonye. Oketch aliitoa kwa vidole viwili, akaitia kwenye sufuria.

"Baba Marion, hiyo kazi haina likizo?" Njambi aliuliza. "Shule imefungwa, stoo umefunga, mtoto yuko Ahero kwa nyanya yake. Lakini Mercy Kipkirui hafungi."

"Nimebakisha kidogo tu."

"Umebakisha kidogo tangu Agosti."

Oketch alitabasamu bila kuinua macho. Alikuwa mtunza stoo wa shule ya sekondari, ingawa mtaani West Indies, hapo Eldoret, walimwita Mwalimu, na yeye alikuwa amechoka kuwasahihisha. Kompyuta alijifunza mwenyewe, kwa kusoma maelekezo mpaka mwisho, jambo ambalo walimu wenyewe hawakuwa na subira nalo. Miezi minane sasa alikuwa anaboresha ukurasa wa Mercy katika ile kamusi elezo ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuiandika na mtu yeyote kuisahihisha. Aliukuta ukiwa na mistari minne na picha ya kiatu. Sasa ulikuwa na sehemu sita na tanbihi thelathini na moja.

Mercy hakuwahi kushinda mbio kubwa. Alikimbia ili watu wachange. Alikimbia kwa ajili ya madawati, kwa ajili ya visima, na mwaka huu kwa ajili ya wodi ya watoto wanaozaliwa kabla ya siku zao. Oketch alimwona mara moja, mwaka 2012, akipita karibu na soko mvua ikinyesha, peke yake, miguu imejaa tope, akiwapungia watu mkono kama anayewashukuru kwa kumnyeshea. Tangu siku hiyo alimheshimu kwa namna asiyoweza kuieleza vizuri.

"Kuna mtu ananisumbua," alisema. "Anajiita Mchunguzi."

"Anasema nini?"

Oketch akasoma kwa sauti yake ya chini. "'Ukurasa huu unadai kwamba mbio za kwanza za hisani za Mercy Kipkirui zilikuwa Januari 2008, kutoka Burnt Forest hadi Eldoret, akiwa na dada yake Jeruto. Nimeuliza watu wa kwao. Mercy hana dada anayeitwa Jeruto. Kama dada ni wa kubuni, huenda na mbio ni za kubuni. Chanzo kisipopatikana kufikia Jumatatu, nitaiondoa sehemu hiyo na kuweka onyo juu ya ukurasa mzima.'"

Maganda yaliacha kupasuka.

"Ni mimi niliyeiweka hiyo sentensi," Oketch akaendelea. "Niliitoa kwenye lile gazeti. Kosa langu ni kwamba sikuhifadhi nakala."

"Iondoe basi," Njambi akasema.

"Nikiiondoa nitakuwa nimekubali kwamba Mercy ni mwongo."

"Si uiondoe tu, Baba Marion. Nani atalia?"

Akainuka na sufuria yake, akaenda jikoni. Minji ilikuwa haijafika nusu.

Asubuhi ya Ijumaa Oketch alikwenda mtaa wa Elgon View. Nyumba aliyoitafuta ilikuwa ya daktari mmoja aliyempa Mercy chumba cha uani kitumike kama ofisi. Askari wa lango, Kipyego, alimtazama kuanzia viatu.

"Unatoka wapi?"

"West Indies."

"Si mtaa. Kampuni."

"Sina kampuni. Mimi huandika habari za Mercy kwenye mtandao."

"Gazeti gani?"

"Si gazeti."

"Redio?"

"Hapana."

"Nani anakulipa?"

"Hakuna anayenilipa."

Kipyego alimwita mfanyakazi wa bustani aje asikie. "Huyu mzee anaandika bure. Miezi mingapi?"

"Minane."

"Minane! Na bibi yako hajakufukuza?" Wakacheka wote wawili, bila ubaya, na Oketch akasimama pale akingoja kicheko kiishe, kofia mkononi. Gari la daktari lilitoka, askari akamwambia asogee, akasogea hadi mtaroni. Mwishowe Mercy mwenyewe alitoka, mwanamke mrefu wa miaka thelathini na kitu, koti la michezo limefungwa kiunoni.

"Kipyego, mbona mgeni amesimama kwenye mtaro? Karibu, Mzee."

Ofisini hapakuwa na kitu cha kutamanisha. Kulikuwa na meza, viti viwili na maboksi ya fulana. Oketch alifungua daftari, akaeleza jambo lake kwa mpangilio: tanbihi, Mchunguzi, Jumatatu. Aliomba kitu kimoja tu, kuonyeshwa maandishi yoyote yaliyochapishwa yanayomtaja Jeruto.

Mercy alitikisa kichwa. "Hiyo sehemu toa tu."

"Mke wangu naye amesema hivyo."

"Bibi yako ni nani?"

"Anaitwa Njambi. Kwao ni Burnt Forest."

Mercy akaangalia chini, akaanza kukunja fulana ambayo tayari ilikuwa imekunjwa. "Mzee, hiyo maneno imenifikia pia. Wadhamini wa wodi wamesoma. Wameniandikia barua, wanataka Jeruto asimame na mimi jukwaani siku ya kuzindua. Wasipomwona hawatoi kitu."

"Basi mlete."

"Siwezi."

"Amefariki?"

"Hajafariki. Niliahidi kitu. Waniite mwongo, nimeitwa mabaya zaidi."

"Na wodi?"

Mercy aliinuka. Alimsindikiza mpaka langoni, akampa mkono, ule wa kushoto ukishika kiwiko cha kulia, kama mtu anavyompa mkono baba yake. "Msalimie Mama Marion," akasema.

Oketch alikuwa amefika barabara ya lami kabla hajakumbuka kwamba hakumtajia jina la Marion.

Maktaba ilikuwa inafungwa saa kumi na moja. Mtunza maktaba, Amolo, alimwonya kwamba magazeti ya 2008 yamefungwa kwa jalada moja na jalada ni zito. Oketch alilibeba mwenyewe. Alianza na tarehe ya kwanza Januari, akafungua ukurasa mmoja mmoja, hata kurasa za matangazo, maana ndivyo alivyofanya kazi. Nyumba zilizoungua. Malori. Watu wamekaa kwenye magodoro katika uwanja wa maonyesho. Wiki zile za ghasia za baada ya uchaguzi alikuwa papa hapa Eldoret, salama, kwa sababu jina lake lilikuwa la upande ambao vijana hawakuutafuta. Mkewe alikuwa kwa mama yake Burnt Forest kwa ajili ya Krismasi, na jina lake lilikuwa la upande mwingine. Siku sita simu yake haikupatikana. Siku ya saba alibisha mlango. Alisema lori la polisi limemleta, na kwamba lorini palikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu. Mama yake alikufa kwa nimonia wiki tatu baadaye, chini ya turubai, katika uwanja wa kanisa.

Picha ilikuwa ukurasa wa tisa, ndogo, upande wa chini. Mwanariadha Mercy Kipkirui na dada yake Jeruto wakiwasili Eldoret baada ya kukimbia kutoka Burnt Forest kuwaombea unga waliofukuzwa makwao. Mercy alikuwa anaitazama kamera. Yule mwingine alikuwa amegeuza uso, amevaa suti ya michezo inayomzidi mikono. Uso haukuonekana. Lakini alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, mguu wa pili ukiwa umekanyaga wa kwanza, vidole juu ya vidole, kama mtu anavyosimama mbele ya jiko akingoja maji yachemke na amechoka.

Oketch alikuwa ameoa mguu ule miaka kumi na mitatu.

"Umepata?" Amolo akauliza.

"Nimepata," akasema. Akatoa daftari, akaandika tarehe na nambari ya ukurasa. Kisha akakaa akiitazama nambari ile mpaka Amolo alipoanza kufunga madirisha.

Nyumbani alikuta ugali umeshasongwa na minji imepikwa. Walikula. Baada ya kunawa, aliweka mezani nakala ya picha aliyomwomba Amolo amtolee, akaisukuma taratibu mpaka mbele ya mkewe.

Njambi hakuishika. Aliisoma pale pale, maelezo yake yote, midomo ikisogea.

"Nani amekuambia? Mercy?"

"Mercy hakusema kitu. Ni mguu wako."

Njambi aliangalia chini ya meza, kama anayetaka kuukamata mguu wake ukifanya kosa. Ulikuwa pale pale, juu ya mwenzake. Akautoa, akauweka sakafuni.

"Kwa hivyo hapakuwa na lori," Oketch akasema.

"Hapakuwa na lori."

Alingoja. Alikuwa mtu wa kungoja, na Njambi alijua kwamba hatamsukuma, na kwamba hilo lilikuwa gumu kuliko kusukumwa.

"Mercy alikuja alfajiri kanisani tulikokuwa tumekimbilia," Njambi akaanza. "Mama ndiye aliyekuwa anawashonea sare za shule, Mercy na wadogo zake wote, wakati mwingine bila kulipwa. Mercy alikuwa na mfuko, ndani suti moja ya kukimbilia. Moja tu. Akasema vijana wa kwenye vizuizi wananijua, kila asubuhi wananiona nikifanya mazoezi. Akasema mtu anayeweza kukimbia avae, twende. Mama alikuwa na magoti yale. Akaniambia vaa. Nikasema sivai. Akanivalisha mwenyewe, Baba Marion, kama mtoto anayepelekwa shule."

"Mlikimbia njia yote?"

"Kilomita arobaini? Mimi?" Alicheka kidogo, bila furaha. "Tukiwa peke yetu tulitembea. Tukiona moshi wa matairi, tunakimbia. Kizuizi cha kwanza wakampigia Mercy makofi. Cha pili wakauliza, huyu ni nani? Mercy akasema ni Jeruto, dada yangu mdogo, amekuja kutoka Kaptagat. Mbona hasemi? Mercy akawaambia, wewe kimbia kilomita ishirini halafu uje uniimbie wimbo. Wakacheka. Mmoja alinipa maji. Alikuwa na panga, na akanipa maji, na nikayanywa."

"Na gazeti?"

"Tulipofika uwanja wa maonyesho mtu wa picha akauliza mnatoka wapi. Vijana wawili wa barabarani walikuwa wametufuata na pikipiki, wamesimama hapo hapo wanasikiliza. Mercy angesema nini? Akasema huyu ni dada yangu, tunawaombea watu unga. Kesho yake unga ukaanza kuletwa. Magunia. Ikabidi akimbie tena." Akaisukuma picha pembeni. "Hivyo ndivyo alivyokuwa mtu wa hisani. Kwa sababu yangu. Na mimi nikamwapisha asinitaje."

"Kwa nini, Njambi?"

Ilikuwa nadra amwite kwa jina.

"Kwa sababu ya Ndirangu," akasema. Ndirangu alikuwa kaka yake, aliyerudi shambani Burnt Forest akapanda viazi pale pale nyumba ilipoungulia. "Kwenye mazishi alinishika bega mbele ya watu wote, akasema, 'Kama ni mimi nisingemwacha mama. Hata na lori. Hata polisi wangenivuta.' Sasa nimwambie hapakuwa na polisi? Kwamba nilitoka kwa miguu yangu, nimevaa suti ya michezo, nikamwacha mama ananipungia mkono?"

Nje mvua ilianza kugonga mabati. Oketch alivuta kompyuta karibu, kwa mazoea tu, akaiacha bila kuifungua.

"Miaka kumi na moja hukuniambia mimi."

"Hukuuliza."

"Niliuliza. Ulisema lori."

"Ukaridhika." Sauti yake haikupanda, lakini iligeuka. "Unajua nimekaa meza hii miezi minane nikikusikia? Tanbihi ya nne, tanbihi ya tisa. Kila neno la Mercy unalitafutia mahali lilipoandikwa. Kwa siku aliyozaliwa tu umeandikia watu barua tatu. Mimi nilikuja mlangoni na malengelenge kwenye nyayo zote mbili, nikakuambia nimepanda lori, ukanipashia maji ya kuweka miguu. Malengelenge, Baba Marion. Ya lori."

Oketch alikumbuka beseni. Ilikuwa ya bluu. Alikumbuka kwamba aliyaona, na kwamba alifikiri, ametembea kidogo kufika kwenye lori.

"Wewe ni mke wangu," akasema mwishowe. "Sikuwa nakuchunguza."

"Najua. Na mimi nilifurahi hukunichunguza. Nilifurahi na nikakasirika, siku hiyo hiyo."

Jumamosi mvua haikuacha. Oketch aliketi mezani, akafanya alichofanya kila mara jambo lilipomshinda: aliligawa vipande kwenye daftari.

Akiiacha sentensi, ni uongo na yeye anajua. Akiiondoa, Mchunguzi ameshinda, na wadhamini watapata walichotaka kuthibitisha. Akiandika ukweli, sheria ya kamusi elezo haimruhusu, kwa maana ukweli uliosemwa jikoni kwake haujachapishwa popote. Tena ni mke wake. Hata kugusa sehemu ile sasa hastahili. Alifungua ukurasa wa majadiliano, akaandika kwamba amegundua ana uhusiano wa karibu na mtu anayetajwa hapo, na kwamba hataihariri tena sehemu ya mwaka 2008. Kabla ya kuchapisha, alimsomea Njambi.

"Hiyo inasema ni mimi?"

"Haisemi."

"Lakini mtu mwenye akili ataona."

"Ataona."

"Usiibonyeze kwanza."

Hakuibonyeza. Simu ya Njambi ikalia. Ilikuwa Mercy. Njambi aliitazama ikilia mpaka ikakaribia kukatika, akaipokea, akaiweka mezani wasikie wote wawili.

"Dada," Mercy akasema, "Mzee amejua?"

"Amejua."

"Pole. Mimi sikusema."

"Najua hukusema."

"Nimewaambia wadhamini Jeruto hatakuja. Wamesema wataamua Jumanne. Nilitaka tu usikie kutoka kwangu, usije ukasikia mahali. Usijisumbue. Ni wodi tu. Tutakimbia tena mwaka ujao."

"Wodi ni ya watoto, Mercy."

"Najua ni ya nani."

Njambi alisema, "Ulilipa hiyo suti shilingi ngapi?"

"Suti gani?"

"Sijakurudishia."

Mercy alicheka kwa nguvu mpaka simu ikakwaruza. "Ilikuwa ya mitumba, wewe! Hata zipu haikufungika!" Kisha kicheko kikaisha, na wakaagana bila kusema kitu kingine.

Njambi alikaa. Alichukua daftari la mumewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasoma vile vipande vitatu alivyoviandika.

"Hakuna cha nne?"

"Kipo," Oketch akasema. "Sikukiandika kwa sababu si changu. Gazeti likikosea, mtu aliyekosewa anaweza kuandika barua kudai masahihisho, hata ikipita miaka. Wakiichapisha, hicho ni chanzo. Mchunguzi mwenyewe atakiweka. Mimi sitagusa."

"Na mtu aliyekosewa anaweka jina."

"Jina na sahihi."

"Na Ndirangu ananunua gazeti?"

"Atasomewa hata asiponunua. Burnt Forest ni ndogo."

Njambi alisimama, akaenda dirishani. Mama wa nyumba ya pili alikuwa anaanua nguo zilizokwisha kulowa, akiilaumu mvua kama mtu aliyekopa akatoroka. Njambi alimtazama mpaka alipomaliza.

"Andika," akasema, mgongo ukiwa umemgeukia. "Mimi nitasema, wewe andika. Usirembe."

Oketch alifungua ukurasa mpya. Njambi alisema polepole, akirudi nyuma, akifuta neno na kuweka jingine, na yeye akaandika kama alivyoambiwa. Mhariri. Katika toleo lako la Januari 2008, ukurasa wa tisa, kuna picha ya wanawake wawili. Maelezo yanasema walikimbia kuwaombea watu unga. Siku hiyo hawakuwa wanaomba unga. Mmoja alikuwa anaokoa mwingine. Mama yangu alikuwepo na alibaki.

"'Alibaki' au 'nilimwacha'?" Njambi akauliza.

"Hilo siwezi kukuchagulia."

"Weka 'nilimwacha'." Kisha, "Ngoja. Weka 'aliniambia niende, nikamwacha'. Yote mawili yalitokea."

Aliweka yote mawili.

"Endelea," Njambi akasema. "Mwanamke anayeitwa Jeruto kwenye picha ile hakuwa dada wa Mercy Kipkirui. Alikuwa..."

Vidole vya Oketch vilikuwa juu ya vibonye.

"Hapo acha," Njambi akasema. "Kesho ni Jumapili. Ndirangu akitoka kanisani huwa nyumbani mpaka saa kumi. Nitashuka Burnt Forest asubuhi. Akishasikia kutoka kwangu, nikirudi utaandika jina."

"Na akikufukuza?"

"Nitarudi mapema."

"Nikusindikize?"

"Uende ukasimame kwenye mtaro?" Alikuwa amesikia habari za lango, alikaribia kutabasamu. "Hapana, Baba Marion. Hii nitaenda mwenyewe."

Akatoka kwenda kutafuta viatu vinavyofaa tope. Oketch alihifadhi barua, akaangalia mara mbili kwamba imehifadhika, akachomeka waya wa umeme. Juu ya daftari aliandika: Jumapili, barua, mstari wa mwisho. Kwenye kioo cha kompyuta mstari wenyewe ulikuwa umeishia kwenye neno "alikuwa", na kialama cha kuandikia kilipepesa mbele yake, kwenye nafasi iliyo tupu.